Mzigo Huu Utabebwa na Nani?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, na ninyi wanavikoba mlioacha shughuli zenu jioni hii, nawashukuru. Nimeombwa nieleze namna mtu wa kawaida, asiye na ndege wala ghala, anavyoweza kumsaidia aliyefikwa na maafa mbali na kwake. Nitatumia mfano mmoja, wa Kimbunga Idai kilichoupiga mji wa Beira nchini Msumbiji, kwa sababu Beira si ugenini kama tunavyodhani: ni makao makuu ya mkoa wa Sofala, na dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ya zamani ilipitia Sofala.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 Idai ilitua karibu na mji huo wenye watu wapatao nusu milioni. Upepo uliezua mapaa, kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika hata mabonde yakaonekana kama bahari, na barabara ya N6 inayouunganisha mji na bara ikakatika. Msumbiji peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600. Naomba mlishike hilo la barabara, maana nitalirudia.

Wiki ile mtaani kwetu tulikusanya nguo, na mimi ndiye niliyeshika daftari. Tulipoifungua mifuko tulikuta masweta mazito, kiatu cha mguu mmoja, gauni la bibi harusi pamoja na shela yake, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha kunywewa nusu. Hakuna aliyetoa kwa ubaya. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho kabatini. Lakini tulipouliza nauli ya kuufikisha mzigo ule Beira, tukaona kwamba fedha hiyo ingenunua nguo nyingi kuliko zile, tena hukohuko. Baadaye nikajifunza jambo lililonitia haya: Wamozambiki huiita mitumba *calamidades*, yaani maafa, kwa kuwa nguo za namna hiyo zilienea kwao zikiwa msaada wa miaka ya vita na ukame. Sisi tulikuwa tunataka kuwapelekea watu bidhaa ambayo tayari wameipa jina la msiba.

Tena mzigo hauendi peke yake. Lazima awepo mtu wa kuupakua, wa kuufungua, wa kuchambua za watoto na za wakubwa, na wa kuulinda usiloane, na mtu huyo ni yuleyule ambaye angekuwa anagawa maji safi. Barabara inapokatika na misaada ikalazimika kuingia kwa ndege na meli, robota la masweta linagombea nafasi na dawa ya kutibu maji. Dawa nazo zina balaa lake. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, jimbo la Aceh nchini Indonesia lilipokea takriban tani 4,000 za dawa, nyingi zikiwa hazikuombwa na zikiwa na maandishi ambayo wauguzi wa huko hawakuweza kuyasoma, na mamia ya tani yakaishia kuteketezwa, kazi ambayo nayo inataka fedha.

Kwa hiyo mimi nasema tutume fedha, na tuzitume kwa walio karibu na wenye shida. Msalaba Mwekundu wa Msumbiji una watu wanaoishi Sofala. Hawahitaji kuelekezwa njia wala kutafutiwa mkalimani. Kipindupindu kilipotangazwa Beira tarehe 27 Machi, kilichotakiwa kilikuwa klorini, vituo vya matibabu na watu wa kupita nyumba kwa nyumba, na chanjo ilianza wiki moja tu baadaye. Waliougua walizidi 6,000. Waliofariki walikuwa 8. Ila msitume kwa namba ya simu iliyosambazwa kwenye makundi bila jina la taasisi, na mweka hazina adai stakabadhi, hata kama mchango ni shilingi elfu kumi.

Asiye na fedha lakini ana kompyuta na intaneti naye ana kazi. Wako watu wa kujitolea wanaotazama picha za setilaiti na kuchora nyumba na njia ambazo hazimo kwenye ramani, ili waokoaji wajue kijiji kiko wapi. Vijana wa Dar es Salaam wanaijua kazi hiyo vizuri, kwani mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo kuchora kata zinazofurika maji.

Limebaki suala la muda, na hapa ndipo tunapokosea zaidi. Idai ilipiga mahindi yakiwa karibu kuvunwa, maana yake njaa yenyewe ingekuja miezi kadhaa baadaye, kuanzia Oktoba, wakati akiba zinapokwisha na mavuno mapya bado. Kufikia Oktoba hakuna redio inayoitaja Beira. Tarehe 25 Aprili Kimbunga Kenneth kilikuwa kimekwisha kuupiga mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na macho ya watu yakahamia huko. Ndiyo maana napendekeza kwa vikoba vyenu kwamba mchango wa maafa ugawanywe mara mbili siku ileile unapokusanywa: nusu iende wiki hiyo, na nusu ibaki kwenye sanduku lenye kufuli tatu, ikiwa imeandikwa daftarini mwezi wa kutolewa na jina la atakayeukumbusha mkutano.