Dada, ukiingia kwenye majengo ya biashara jua hela iko wapi

Haya dada zangu, wengi hapa mmemaliza chuo juzi juzi na mnataka kuingia kwenye majengo ya biashara, yaani maofisi, maghala, maduka, sio nyumba za kuishi, basi mimi leo naongelea hela tu maana hayo mengine kila mtu atawaambia.

Mwanamke akiajiriwa huku mara nyingi anapelekwa kusimamia jengo, lifti imekwama ni yeye, mpangaji analalamika maji ni yeye. Ni kazi ya maana sana na nawaheshimu wanaoifanya. Ila kwenye udalali, pale penye kamisheni, bado tuko wachache. CREW Network, ule mtandao wa wanawake wa sekta hii ulioanza Marekani mwaka 1989, kwenye utafiti wao wa 2020 walikuta pengo la mshahara kati ya wanaume na wanawake ni kama asilimia 10, lakini kwenye kamisheni na bonasi likaruka mpaka karibu asilimia 56. Hamsini na sita jamani!

Kwa hiyo kwenye intavyu na nyie ulizeni: kamisheni mnagawanaje, wateja wanaokuja wenyewe anapewa nani? Na kama hamna mshahara, uwe na akiba, maana dili moja linaweza kula miezi na miezi, hata mwaka.

Ukipangiwa usimamizi usinune, jifunze hesabu humo humo. Thamani ya jengo inatokana na mapato halisi, yaani kodi ukitoa gharama za uendeshaji, kabla ya rejesho la mkopo, halafu unagawanya kwa kepu reti, yaani asilimia ya bei ya jengo ambayo mnunuzi anategemea kuipata kila mwaka kama mapato halisi. Tuseme jengo linabakiza 100,000 kwa mwaka, kepu reti asilimia 8, thamani yake ni 1,250,000. Sasa wewe umebana bili ya umeme, umejadili upya mkataba wa usafi, umeokoa 10,000 kila mwaka, thamani imepanda 125,000! Hiyo ni kazi yako wewe, na siku ya kuongelea mshahara nenda nayo imeandikwa kwenye karatasi.

Halafu ombeni kuingia kwenye vikao vya kujadili mikataba ya upangaji, na muingie mkiwa mmeshausoma mkataba wote, kodi inapanda lini, mpangaji anaruhusiwa kuondoka mapema au la, paa likivuja analipa nani. Wakikuambia uandike mihtasari andika, ila na swali lako uliulize hapo hapo kikaoni.