Mtoto Ajibu Mwenyewe: Mazungumzo na Wazazi wa Vijana Wenye Selimundu

Wazazi, walezi, wauguzi wenzangu, na ninyi vijana mlioketi safu za nyuma, asanteni kwa kuja. Leo sitaeleza selimundu, huu ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nini. Mama aliyekesha na mtoto anayelia miguu tangu hajaanza kutembea anaijua kuliko mimi. Na hapo ndipo penye shida ninayotaka tuizungumze: anayeijua ni mama, mwenye ugonjwa haijui.

Tazameni mambo yanavyokwenda chumbani kwa daktari. Daktari anamgeukia binti wa miaka 15: maumivu yalianza lini? Mama anajibu. Unameza vidonge vingapi? Mama anajibu. Hedhi je, umeshaanza? Hata hilo, mama. Binti anatazama ukuta. Miaka michache baadaye anahamishiwa kliniki ya watu wazima. Anakaa kwenye benchi na wazee wa presha na sukari, anaingia kwa daktari asiyemjua, na anaulizwa maswali yale yale. Faili lake limehama. Yaliyomo kichwani mwa mama hayajahama.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Zamani wengi walikufa kabla ya kufika shule ya msingi, na kuna ndugu waliokuwa wakiwaambia wazazi msisumbuke kumsomesha. Mambo yamebadilika. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, chini ya watafiti kama Profesa Julie Makani, imekuwa ikifuatilia wagonjwa kwa miaka mingi tangu 2004. Dawa ya haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi nchini Kenya, na wa Uganda, Kongo na Angola, na matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha maumivu yanapungua, malaria inapungua, na vifo pia. Kwa hiyo watoto wetu wanakua. Wanaota ndevu. Swali ni nani amewaandaa kwa huo ukubwa.

Msidhani nawatisha bure. Dallas, Marekani, walifuatilia watoto 940 tangu kuzaliwa. Mwaka 2010 waliandika kwamba, kwa wenye aina kali, takriban asilimia 94 walifikisha miaka 18. Halafu wakaona vifo vingi vinawapata waliopita umri huo, muda mfupi baada ya kuhamia huduma ya watu wazima. Hospitali zao zina kila kitu, lakini kijana anapotea pale pale anapovuka.

Basi tuanze mapema. Akifika miaka 12, yeye ndiye azungumze kwanza na daktari. Wewe kaa, nyamaza, kisha ongeza alichosahau. Atakosea, atasahau jina la dawa. Mwache asahau ukiwa naye chumba kimoja, kwa sababu siku moja atasahau akiwa peke yake. Dirisha la dawa aende yeye.

Akifika 14 au 15, toka nje kidogo umwache na daktari. Najua baadhi yenu hapa roho zinakataa. Mnajiuliza wanazungumza nini ambacho mimi mama nisikisikie. Nitasema wazi, kwa sababu aibu hii inawaumiza vijana. Wavulana wenye selimundu hupatwa na hali ya uume kusimama kwa muda mrefu, kwa maumivu, bila hamu yoyote. Damu imenasa mle. Mvulana wa miaka 15 hatamwambia mama yake. Atajifunika shuka hadi asubuhi, na anaweza kuharibika nguvu zake za kiume maisha yote. Vijana, sikilizeni: ikianza, kunywa maji, kojoa, tembeatembea. Ikiendelea zaidi ya muda wa saa mbili, nenda hospitali. Ikifikisha muda wa saa nne ni dharura, na daktari hatakucheka. Baba, kama upo hapa, mazungumzo haya ni yako. Usimngoje muuguzi.

Wasichana nao wana yao. Wengi huchelewa kuvunja ungo, na wanajiona wana kasoro shuleni. Waambiwe kwamba ni ugonjwa unaochelewesha, na hedhi itafika. Anayemeza haidroksiyurea ajue kwamba haimezwi akiwa mjamzito, hivyo azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba. Na wote, wa kiume na wa kike, wajue habari ya kupima mchumba. Mwenye selimundu akioana na mwenye vinasaba vya AS, yaani aliyebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila yeye kuugua, kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya kuzaa mtoto mgonjwa. Haya asiyasikie mara ya kwanza akiwa ameshatolewa mahari.

Kuna jambo moja naomba kila kijana alijue kama anavyojua namba yake ya simu: damu yake, yaani kiwango cha hemoglobini, ni ngapi akiwa mzima. Wengi wenye selimundu wanaishi na 7 au 8. Daktari mgeni akiiona 7 anaweza kukimbilia kuongeza damu isiyohitajika. Mwingine kawaida yake ni 9, ikishuka hadi 7 kuna jambo zito. Karatasi ya maabara haiwezi kutofautisha hawa wawili. Anayeweza ni mgonjwa, akiijua namba yake.

Halafu kidato cha tano. Mtoto wa Tanga anapangiwa Njombe. Baridi ile, mchakamchaka alfajiri, maji ya kunywa ya foleni, vyote vinaamsha maumivu. Fomu ya kujiunga ina sehemu ya afya, na kuna wazazi wanaiacha wazi wakihofia mtoto atabaguliwa. Jazeni. Aende na barua ya daktari, blanketi zito na chupa yake ya maji, na yeye mwenyewe, siyo wewe kwa simu, amweleze matroni kwamba homa ya nyuzi 38 kwake si ya kungojea hadi kesho. Bandama lake halimkingi kama la wenzake.

Wauguzi na madaktari, nasi tuna deni. Kijana anayeomba dawa kali ya maumivu akiwa na simu mkononi na hajalia, tunamshuku. Amezoea kuumwa tangu utotoni, ndiyo maana halii. Mwaminini. Na tusimhamishe kwa kumwambia tu "sasa nenda jengo lile". Tumpe ukurasa mmoja: aina ya selimundu, damu yake ya kawaida, kundi la damu, dawa na dozi, mara alizoongezewa damu, kama amewahi kupata kiharusi au shida ya nyonga. Muuguzi wa watoto amsindikize siku ya kwanza, amtambulishe kwa jina, na mwezi unaofuata apige simu kuuliza kama alirudi. Asipokuwa amerudi, atafutwe wiki hiyo hiyo.