Hans Wegner Kabla ya Umaarufu

Waheshimiwa walimu, mafundi na wanafunzi, hamjambo. Jina la Hans Wegner wa Denmark hutajwa sana kwa ajili ya viti alivyovitoa kuanzia 1949, lakini leo naomba tuitazame zaidi miaka iliyotangulia, kwani naamini sifa alizozipata baadaye zilitokana na mikono iliyokwisha kufunzwa kabla hajaitwa mbunifu.

Alizaliwa 1914 katika mji wa Tønder, karibu na mpaka wa Denmark na Ujerumani wa leo, baba yake akiwa fundi viatu. Alipofikisha umri wa miaka 14 aliingia kwa seremala mmoja wa mji huo, akajifunza kazi hadi akahitimu. Utumishi wa jeshi ndio uliompeleka Copenhagen, ambako alisoma katika shule ya sanaa na ufundi kuanzia 1936, akaiacha 1938. Kisha akahamia Aarhus kubuni samani za jengo jipya la halmashauri ya jiji, lililosanifiwa na Arne Jacobsen na Erik Møller. Samani za ofisi hazina mvuto wa kuandikiwa vitabu, nami naona zinapuuzwa isivyostahili.

Mwaka 1943 alifungua ofisi yake mwenyewe, na mwaka uliofuata kampuni ya Fritz Hansen ikatoa kiti alichokibuni kwa kufuata viti vya kale vya Uchina, ambavyo kiegemeo na mikono yake hufuatana katika mstari mmoja uliopinda.

Mstari huohuo aliurudia 1949 katika kiti cha duara kilichotengenezwa na karakana ya Johannes Hansen. Mkisogea karibu mtaona kwamba mbao hazikupindwa, bali ni vipande vitatu vilivyochongwa na kuunganishwa. Mwanzoni Wegner alikizungushia kiegemeo henzirani, yaani ukindu mgumu wa kusukia viti, ili viungo visionekane; baadaye akaiondoa, akaunganisha vipande kwa meno yanayoingiliana, yenye umbo la msumeno, akayaacha wazi machoni pa mnunuzi. Uamuzi huo, ambao wengi huuona wa urembo tu, kwangu mimi ni wa seremala hasa, maana kiungo kisichofunikwa hakisamehe hata mwanya mwembamba kama unywele, na hakuna awezaye kukichora kwa uhakika asipojua patasi itafika wapi.