Karibu na Hapa

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Jioni hii nawapeleka Marekani, tusimame kando ya barabara tusome vibao vya historia.

Kati ya Richmond na Fredericksburg, jimboni Virginia, utaviona juu ya nguzo: rangi ya fedha, herufi nyeusi, nembo ya jimbo kileleni. Vya kwanza vilisimikwa mwaka 1927. Mwaka huohuo bwana mmoja aitwaye Hawes alianzisha kiwanda cha kusubu vibao vya namna hiyo. Jina lake akalisoma kinyumenyume, kiwanda kikawa Sewah, na hadi leo kinafanya kazi, Marietta, Ohio.

Dereva hana subira, kwa hiyo maelezo hubanwa yakatosha maneno mia hivi. Mimi katika hayo hutafuta matatu tu: “karibu na hapa”. Ngome ilikuwa karibu na hapa. Mheshimiwa fulani alizaliwa karibu na hapa. Karibu wapi, jamani? Kibao husimama penye nafasi ya kuegesha gari, si lazima penye msingi wa nyumba. Na nyumba za walowezi wa mpakani zilikuwa za magogo, nayo magogo huoza, huungua, au jirani huyabeba akajengee zizi.

Tena kibanda cha magogo kilikwishakuwa mtaji wa siasa. William Henry Harrison alipogombea urais mwaka 1840, gazeti la wapinzani lilikuwa limemkejeli: mpeni pipa la pombe ya tufaha, atulie kibandani kwake. Wapambe wake wakaidaka kejeli ile, wakaandamana na vibanda juu ya magari ya farasi. Mgombea mwenyewe alizaliwa Berkeley, jumba la matofali kando ya Mto James, lenye shamba lililolimwa na watumwa. Baba yake alitia saini Tangazo la Uhuru. Harrison alishinda, akafa baada ya mwezi mmoja madarakani.

Baada ya hapo, kiongozi wa kuzaliwa kibandani kweli alikuwa lulu. Abraham Lincoln alizaliwa hivyo mwaka 1809, karibu na Hodgenville, Kentucky. Nendeni huko leo: mnapanda vidato 56, kimoja kwa kila mwaka wa uhai wake, mnaingia katika jengo la mawe lenye nguzo kama hekalu la Wayunani. Katikati kuna kibanda cha chumba kimoja.

Magogo yale yamezunguka. Mfanyabiashara aliyanunua, na mwaka 1897 yakaonyeshwa Nashville pamoja na kibanda kilichodaiwa kuwa cha Jefferson Davis, rais wa majimbo yaliyojitenga. Huko njiani magogo ya huyu na ya yule yakachanganyika! Hekalu lilipokamilika mwaka 1911, kibanda kilionekana kikubwa mno kwa chumba kile. Wakakipunguza.

Mwaka 2004 wataalamu wakahesabu pete za miti. Magogo yalikuwa ya miaka ya 1840 hivi, wakati Lincoln ni wakili Illinois, ana mke na watoto. Siku hizi wenye hifadhi hukiita kibanda cha mfano. Hawajakiondoa, wageni wanaendelea kupanda vile vidato na kukipiga picha.