Ile sifuri ya mbele

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Mchana nilipita Kibirizi, hapa Kigoma, nikakuta magunia ya dagaa yanapakiwa botini kwenda Burundi. Kwenye gunia moja mwenye mzigo ameandika kwa makapeni: +255 07, kisha namba iliyobaki. Mpokeaji akiipiga ilivyo, anaweza kukesha asimpate. Mwenye gunia namsamehe. Anaandika namba anayoipiga kila siku.

Hiyo 0 ina kazi yake, ila ni ya ndani ya nchi. Simu ya mezani hupeleka tarakimu moja moja, na mtambo unaounganisha simu haujui utatajiwa ngapi. Ukianza na 0, mtambo unaelewa kwamba wewe unatoka nje ya eneo lako, nao unasubiri msimbo wa eneo: 026 ya Tabora na Dodoma, au 028 yetu sisi na Mwanza. Usipoanza nayo, mtambo unahesabu tarakimu 7 na kukuunganisha na jirani. Raha hiyo ina gharama: namba ya mteja haiwezi kuanza na 0, maana yake fungu moja katika kumi limekwenda hata hujagawa namba.

Wamarekani mwaka 1947 dalili hiyo ya kutoka nje ya eneo waliificha katikati ya msimbo. Msimbo wa eneo ulikuwa na 0 au 1 katikati, namba ya mtaani haikuwa nayo. New York wakaipa 212, kwa kuwa kwenye simu ya kuzungusha 1 na 2 hurudi upesi. Wanaopigiwa sana wasichoshe vidole vya watu. Misimbo ya namna hiyo ikaja kuwaishia, na mwaka 1995 wakaanza kutoa yenye tarakimu nyingine katikati. Hapo ndipo 1 inayopigwa kabla ya msimbo ilipobeba mzigo wa kutoa dalili. Majimbo mengine yakataka ikuonye kwamba simu hii ni ya masafa, italipiwa. Mengine yakaona iseme tu kwamba tarakimu 10 zinafuata. Mimi niko na wale wa kwanza, labda kwa sababu nimekuzwa na vocha. Na Wamarekani wana bahati: 1 ndiyo namba ya nchi yao pia, kwa hiyo gunia lao lisingepotea.

Sasa la kwetu, ambalo huniudhi kidogo. Mpango wa namba wa Tanzania una njia ya mkato ya Kenya, 005, na ya Uganda, 006. Bujumbura, ziwa hili hili la Tanganyika, ni 000 ya kutoka nje ya nchi, kisha 257 ya Burundi.

Kijana pale anauliza, basi 0 tuifute? Simu ya mkononi hutuma namba nzima kwa mkupuo, haina haja ya kubahatishiwa. Inawezekana. Lakini nani atapaka upya kila bango la Mwanga na Ujiji, na daftari za madeni je? Ningeanza na gunia: +255, ruka 0, andika 7.