Globu nzima, waya umeachia

Assalaamu alaykum wazee wangu, ndugu zangu.

Waliokuwapo Unguja Disemba 2009 wanaikumbuka ile miezi mitatu ya kiza. Globu zilikuwa nzima, bara umeme upo. Kilichokufa ni kiungo cha kutufikishia umeme huo. Naanza na kiza hicho kwa sababu ugonjwa wa neva za mwendo, ule unaomlegeza mtu mikono, miguu, ulimi, mpaka pumzi, kwa panya wa maabara nao huanzia kwenye kiungo, pale neva inapokutana na msuli.

Neva ikifika kwenye msuli haiugusi. Baina yao pana mwanya mdogo mno. Umeme wa neva ukifika ukingoni, kalisi huingia, vifuko humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka na kunasa kwenye vipokezi vya msuli. Msuli ukajikunja. Hujawahi kupepesa jicho, kimeng'enya cha kuivunja kishaifagia.

Tazameni picha hii. Hiki chekundu kilichojiviringa kama jalebi ni vipokezi vya msuli wa panya, vimetiwa rangi kwa sumu ya nyoka inayonasa hapo hapo. Kijani ni neva. Kwa panya mzima, kijani kimelalia chekundu, jalebi yote njano. Huyu mgonjwa, jalebi nyekundu tupu. Neva imekwenda zake.

Panya huyu amepandikizwa jeni mbovu ya binadamu, SOD1. Habari zake zilitangazwa 1994. Watafiti waliomfuatilia, wakatoa matokeo 2004, walikuta siku ya 47 ya umri wake neva nyingi zishaachia misuli, ilhali seli za neva zenyewe kwenye uti wa mgongo zilipotea baada ya siku ya 80. Na siku hiyo ya 47 panya anakimbia, humdhanii! Neva za misuli ya kasi ndizo huachia mwanzo. Za misuli ya polepole huchipuza matawi zikashika nafasi zilizoachwa, kama yule jirani mwenye jenereta aliyetuvutia waya. Na jenereta lina kiasi chake, mnalijua hilo.

Jaribio lisilonitoka kichwani ni la 2006. Panya hao waliondolewa jeni ya Bax, inayoziamuru seli zijiue. Seli za uti wa mgongo zikasalimika. Panya je? Akalemaa, akafa, alichelewa tu kidogo. Ndiyo maana nikisikia dawa mpya siulizi seli ngapi zimepona. Nauliza jalebi ngapi zingali njano.

Bibi mmoja kanishika mlangoni: "Basi mbona dawa haipo?" Panya si mtu, bibi yangu. Jeni hii wanayo kiasi cha asilimia 2 ya wagonjwa, na dawa nyingi zilizomfaa panya hazikumfaa binadamu. Iliyolenga SOD1, tofersen, iliruhusiwa Marekani 2023. Hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Asiye na jeni hiyo haimhusu.