Samba Diallo alimwambia nani "hapana"?

Kila mwaka nawauliza wanafunzi nani alimuua Samba Diallo, yule kijana wa riwaya L'Aventure ambiguë, na kila mwaka wananijibu: Paris. Eti kijana alitoka kwao anaijua Kurani kwa moyo, akaenda kusoma falsafa kwa Wazungu, akarudi hawezi tena kusali. Basi, daftari linafungwa. Bana, someni mpaka mwisho! Cheikh Hamidou Kane hakutoa kitabu kile mwaka 1961 ili mje muniambie Ulaya ni mbaya.

Tazameni. Thierno, mwalimu wake wa Kurani, yule ambaye kucha zake zilikuwa zikikutana ndani ya nyama ya sikio la mtoto kwa sababu ya neno moja la aya, amekufa. Samba amesimama kwenye kaburi lake, jua linazama. Pembeni mwendawazimu mmoja wa kwao anamsihi asali. Samba wala hamsikii. Anasema na Mungu moyoni, anamlalamikia kwamba amekaa mbali, anakataa kuachwa. Mwendawazimu anataka ahadi: kesho utasali? Na Samba, ambaye bado anagombana na Mungu wake, linamtoka kwa sauti: hapana, sikubali. Silaha ikainuliwa.

Lile "hapana" ndilo lilikuwa sala! Mwendawazimu akalisikia vibaya.

Najua, mtasema mwendawazimu ni mwendawazimu tu. Lakini naye alikuwa ametoka Ulaya. Ndiye aliyemsimulia Thierno ile ardhi ngumu, viatu vikilia juu yake. Ni watu wawili waliorudi, wamekutana kaburini.

Mimi niliporudi toka Ubelgiji, siku ya tatu tu tukaenda kwenye kilio kule Katuba, Lubumbashi. Bukari, yaani ugali, imeletwa, watu wamenawa, na mama mkubwa akasema, "Papa wa Ulaya atuombee", yaani mimi, baba niliyetoka Ulaya. Nikafumba macho. Sikupata hata neno. Nilisikia nzi tu juu ya samaki. Mwishowe mtoto mmoja mwenye njaa akasema "Amina", watu wakala. Mpaka leo ukoo unaisifu ile sala yangu ya kimya. Na mimi nilisikiwa vibaya, ila kwa faida yangu.

Nilitaka tufike kwa mwandishi Mudimbe wetu, mtoto wa Likasi, na padri Pierre Landu wa riwaya yake ya 1973, Entre les eaux, anayewafuata waasi porini, anaoa, kisha anaishia monasterini. Lakini papa wa mlangoni, mlinzi wetu, ananitikisia funguo. Mtamsoma wenyewe.

Mwenye swali aulize haraka, ila asinitajie Paris.